Malkia wa Mweiga

Beth Watiri alikuwa na mkasi mkali na ulimi mtamu, na vyote viwili vilimlisha. Duka lake lilikuwa mjini Nyeri, ghorofani juu ya muuza mbolea, na msichana aliyepanda zile ngazi akitafuta nguo ya ngurario, ile sherehe ya kukamilisha ndoa kwa mila, alishuka na nguo pamoja na historia. Beth alimzungusha mbele ya kioo, akamfunga mkanda wa shanga kiunoni, akarudi nyuma kidogo na kusema, "Sasa umekuwa kama cucu zetu. Hivi ndivyo walikuwa wanavaa." Msichana akalia. Mama ya msichana naye akalia. Kitambaa kilikuwa kimetoka Eastleigh, Nairobi, na kauri za pindoni zilikuwa za plastiki.

Cucu mwenyewe, nyanya yake Beth mzaa baba, alicheka mpaka akakohoa siku alipoonyeshwa nguo hizo kwenye simu.

"Nikiwa mtoto tulivaa ngozi ya mbuzi iliyopakwa mafuta, na ilinuka," alisema kwa Kikuyu, maana Kiswahili alikiacha sokoni siku alipoacha kuuza viazi. "Nzi walitufuata mpaka mtoni. Hawa wako, nzi wao wako wapi?"

Beth alicheka naye, na kesho yake akaendelea kushona zile zile. Hakuona kosa. Mtu akitaka kupendeza siku moja katika maisha yake, nani atamnyima kwa sababu ya nzi? Kutia chumvi kidogo hakuumizi mtu, alijiambia, na kwa miaka mingi hakukutokea wa kumwonyesha vingine.

Jina Watiri lilikuwa la Cucu kwanza. Huku kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na anayebeba jina lako si mjukuu tu. Ni wewe mwenyewe umerudi ukiwa na meno. Ndiyo maana kuna jambo ambalo Cucu alimwambia Beth na hakuwaambia wanawe wa kuzaa. Alimwambia jikoni kwake Mweiga, wakimenya viazi, Beth akiwa mjane tayari na mwanawe Mwai yuko Nairobi anasaka kazi. Lilikuwa jambo la Chifu Kamunge.

Tuelewane mapema kuhusu huyo Kamunge. Wakikuyu hawakuwa na mfalme. Walikuwa na wazee, mabaraza na ubishi usiokwisha, na hayo yaliwatosha. Kamunge alikuwa mtu aliyevishwa kofia na mzungu na kupewa askari wa kuilinda hiyo kofia, akaitumia kujipatia mashamba ya watu na wake kadhaa. Cucu alikuwa wa mwisho. Mwaka uliotangulia Hali ya Hatari, ile vita ya msituni dhidi ya mzungu, alikuwa msichana wa miaka kama kumi na saba, na Kamunge alikuwa na mvi mpaka masikioni.

Askari wake walimkuta Cucu akipalilia maharagwe, amevaa gauni lililochanika kwapani. Nyumbani kwao mbuzi walikuwa wamekwisha kuletwa, wazee wamekwisha kuketishwa, na mtungi wa pombe ya muratina uko katikati ya kiwanja. Desturi ilikuwa wazi, na ni wazi hata leo. Baba humwita binti yake mbele ya wageni, humpa pembe yenye pombe na kumwuliza, tuinywe hii au tusiinywe? Akionja na kumrudishia baba, amekubali, na wazee hunywa. Asipoonja, pombe hurudi ilikotoka pamoja na mbuzi wake. Hakuna ndoa.

"Baba yangu aliniuliza," Cucu alisema, kisu chake kikiendelea kuzunguka kiazi. "Askari walikuwa wamesimama nyuma yake. Aliniomba kwa macho ninywe. Nikageuza pembe, nikamwaga yote chini, ikamrukia mpaka kwenye miguu."

Askari mmoja alicheka. Akajaza pembe nyingine, akawapa wazee, na wazee wakanywa wakiangalia chini. Jua halijatua, Watiri akaondolewa nyumbani kwao.

"Nilimpikia yule mtu. Nikamzalia watoto wawili, na watoto niliwapenda," alisema. "Lakini sikunywa. Wazee walijua sikunywa, na Mungu anajua. Mpaka leo mimi ni msichana wa baba yangu, si bibi ya mtu."

Akakitupa kiazi sufuriani. "Simeon asijue. Utamwambia mtu mzima kama yule kwamba mama yake hakuolewa?"

Hiyo ndiyo mali aliyokuwa nayo Cucu. Ng'ombe wake wawili ni wa kuonekana, shamba la viazi ni la kuonekana, ila lile la kutokunywa alikuwa nalo moyoni tu, na alilishika kama wengine wanavyoshika cheti cha shamba. Beth alilijua vizuri kuliko mtu yeyote. Hilo tulikumbuke tutakapofika mahali pa kumhurumia.

Na huruma anaistahili kidogo. Kuzaliwa ukoo wa Kamunge, Nyeri hii, haikuwa raha. Shuleni watoto walimwita ngati, jina la wale waliosimama upande wa mzungu wakati watu wa msituni wakiwindwa. Alirudi nyumbani na kamasi na kuuliza maana yake, baba yake akageuka kuangalia ukuta. Alipokuwa msichana mkubwa, kijana wa kwanza kumpenda alimpeleka kwao kumjulisha, na nyanya ya kijana, baada ya kusikia ni mjukuu wa nani, aliinua kikombe cha chai alichokuwa amempa na kukirudisha jikoni. Uchumba ukafia hapo. Beth aliolewa baadaye na mtu mwingine, mtu mwema, akamzika. Lakini kile kikombe hakukisahau.

Kwa hiyo Kim alipopanda ngazi za duka lake, alimkuta mtu aliyekuwa akimsubiri bila kujua.

Kim alikuwa kijana wa Nairobi mwenye kofia ya sufu wakati wa jua na miwani ya jua wakati wa mvua. Alikuwa anatengeneza tamthilia ya video kwa chaneli ya mtandaoni, sehemu kadhaa, kuhusu chifu wa zamani na mke aliyempenda. Alikuja kukodi nguo. Baba mdogo Simeon, mwana wa pili wa Cucu na mzee wa kanisa, alikuwa amekaa dukani akisubiri suruali yake ipunguzwe, na alipowasikia wanazungumza juu ya machifu aliruka kama aliyekalia siafu.

"Chifu? Mimi ni kijana wa chifu! Chifu Kamunge alikuwa baba yangu. Na mama yangu bado ako hai, Mweiga hapo!"

Kim alivua miwani. "Wacha! Bibi ya chifu ako hai? Na walipendana?"

"Sana! Baba yangu alikuwa kama mfalme hii upande yote. Na mama alikuwa kama queen." Simeon hakuwa akisema uongo. Baba yake alikufa kabla yeye hajaanza shule, na kile ambacho hukijui unaweza kukipamba utakavyo.

"Poa sana. Niambieni sasa ile siku ya pombe," Kim akasema. "Kuna ile kitu bride anaulizwa mbele ya wazee, si ndio? Hiyo ndiyo scene yangu kubwa. Cucu alikunywa?"

Simeon hakujua. Akamgeukia Beth, na uso wake wa mzee ulikuwa umefunguka kama wa mtoto anayesubiri kuambiwa amefaulu mtihani. Beth aliona ule uso. Aliona pia kile kikombe kinachorudi jikoni, na sinema kwenye simu za Nyeri nzima, na watu wakisema, kumbe Kamunge alikuwa na mapenzi, kumbe si mnyama.

"Alikunywa," Beth akasema.

Angeishia hapo, dhambi ingekuwa ndogo. Lakini mkono uliozoea kuongeza shanga hauishii kwenye pindo. "Alikunywa akiangalia chini," akaendelea, hakuna aliyemwuliza, "halafu akainua macho, akamwangalia chifu, akacheka."

"Mathe, hiyo ni moto!" Kim akapiga kofi. "Hiyo ni moto kabisa!" Simeon alitoa leso. Beth alirudi kwenye cherehani, na suruali ya Simeon aliipunguza mguu mmoja zaidi ya mwingine.

Sasa, Kim hakuwa mpumbavu. Alijua watu wa mtandaoni wana midomo, kwa hiyo alimtafuta mwalimu wa historia amkagulie mchezo wake. Ndivyo Mwalimu Philemon alivyoingia katika jambo hili. Alikuwa mtu wa Kakamega aliyefundisha sekondari moja karibu na Mweiga kwa muda mrefu mpaka watu wakasahau kwamba hakuzaliwa huko, ingawa Kikuyu kilimshinda kabisa. Walikutana dukani kwa Beth siku ya kumpima Beverlyne, msichana atakayekuwa Cucu ujanani, na kabla Beth hajamaliza kiuno wanaume walikuwa wameshikana mashati, kwa maneno.

"Chifu hakuwa na kiti cha enzi, Bwana Kim," Philemon alisema. "Alikuwa na kiti cha kukunja alichopewa na DC, mkuu wa wilaya. Wala hakuwa na taji. Na huyu farasi mweupe umemtoa wapi?"

"Farasi tumepata huko Naro Moru, Mwalimu, ni wa mlami, mzungu fulani. Ako fiti."

"Sikuulizi kama yuko fiti. Nakuuliza alifika vipi kwa Kamunge."

"Mwalimu, skiza. Mtu anataka ukweli aende maktaba. Mimi nauza mapenzi. Msee akitoka kazi amechoka, hawezi kula bando yake kuangalia watu wakiteseka."

"Mapenzi ni mazuri, sikatai." Philemon alikuwa mpole, ndiyo maana alikuwa mgumu kumshinda. "Ila wafalme wa kubuni hawana wajukuu. Huyu mama yuko hapa Mweiga, anapumua. Wanafunzi wangu watatazama hii kitu na kuiamini kuliko kitabu. Farasi nitakuachia. Lakini hapa kwa pembe, msichana mdogo na mzee mwenye askari, mimi nina wasiwasi." Akamgeukia Beth. "Samahani, Mama Mwai. Cucu mwenyewe alisema alikunywa?"

Beth alikuwa na pini mdomoni. Angeweza kunung'unika tu, akajifanya hakusikia. Alizitoa moja moja, akazichoma kwenye mto wa pini, na kila pini ilikuwa nafasi ya kusema kweli.

"Alisema mwenyewe," akajibu. "Kwa mdomo wake."

"Basi kama ni yeye amesema, mimi ni nani?" Philemon akatabasamu na kuweka kalamu mfukoni. "Ushuhuda wa mwenyewe umeshinda vitabu vyangu. Iache hivyo, Bwana Kim."

Kudanganya mtu mwenye shaka ni kazi. Kudanganya mtu mwaminifu hakuhitaji jasho, na pengine ndiyo maana kunauma zaidi. Beth akainama kupima pindo ili wasimwone uso.

"Auntie," Beverlyne akauliza kutoka juu, "sasa akikunywa alikuwa anafeel aje? Nataka niifanye vizuri, cucu asione nimemharibia."

"Alijisikia amependwa," Beth akasema, akiongea na pindo.

Tangu siku hiyo Jumapili zake ziliharibika. Zamani akitoka kanisani alikwenda Mweiga moja kwa moja na nyama ya kuchemsha na sabuni. Sasa kulikuwa na nguo ya haraka kila Jumapili, bibi harusi wa Karatina, bibi harusi wa Murang'a. Alimtuma jirani apeleke sabuni. Alijiambia Cucu hatajua. Macho yake si mazuri, simu yake ni ile ya kubonyeza, na mambo ya mtandaoni ataambiwa na nani? Itapita kama upepo. Na Simeon amekuwa mtu mpya, anatembea kifua mbele, hata zile nyumba ambazo hazikuwa zikimsalimia vizuri zinamwita ndani kwa chai. Je, hilo halikuwa jema? Lilikuwa jema. Beth alilihesabu kama jema kila alipoamka, na kila alipoamka lilikuwa limepungua.

Siku ya kupiga picha ya pembe alikwenda Naro Moru, kwenye shamba lililokodishwa, kwa sababu mkanda wa Beverlyne ulikuwa unalegea. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu. Wazee wa kuigiza walikaa kwenye viti vya migongo mirefu, Kamunge alikuwa kijana mzuri wa shingo nene asiye na mvi hata moja, na ndani ya pembe mlikuwa na uji. Beverlyne alishika pembe, akaangalia chini, akanywa. Kisha akainua macho na kucheka, taratibu, kama vile Beth alivyosema. Mwanamke aliyeshika taa alishusha pumzi. Kila mtu pale alimpenda yule msichana.

Beth alitaka kupiga kelele. Mdomo ulifunguka kabisa. Kisha Kim akasema tumemaliza, watu wakapiga makofi, naye akajikuta anapiga pamoja nao.

Mambo ya upepo kupita yalikufa Simeon alipotangaza kanisani kwamba sehemu ya kwanza itaonyeshwa kwenye ukumbi wa kanisa, Mweiga, Jumamosi mchana, kabla haijawekwa mtandaoni, na mgeni wa heshima ni mama yake. Mapazia yatafungwa, skrini kubwa italetwa kutoka Nyeri, na akina mama watapika. Jina la tamthilia lilikuwa *Kamunge na Malkia Wake*.

Jumamosi hiyo asubuhi Beth alikwenda kumwogesha Cucu na kumvisha. Njia nzima alikuwa amepanga maneno. Cucu nimekukosea. Cucu kuna kitu. Lakini alimkuta amekwisha kuketi kitandani, amejipaka mafuta mwenyewe, macho yanang'aa.

"Watiri wakwa, Watiri wangu, ulipotea," Cucu alisema. "Nilijua uko na hao watu wa sinema. Simeon ameniambia ni wewe uliwapa habari yangu."

"Ndiyo, Cucu. Lakini..."

"Nilikasirika kwanza. Nikasema, huyu mtoto nilimwambia asiseme." Alinyoosha mikono aingizwe gauni. "Halafu nikawaza. Mimi nimezeeka. Kumwambia Simeon na mdomo wangu sitaweza. Basi sinema imwambie. Akasirike, alie, atapoa. Kabla sijaenda watu wajue kwamba nilimwaga ile pombe. Baba yangu alikufa akifikiri nilimwaibisha. Labda huko aliko atasikia watu wakisema nilifanya vizuri."

Beth alifunga vifungo vya gauni. Kimoja alikifunga mahali pasipo pake, akakifungua, akakifunga tena.

"Wameweka pale nilipomwaga?" Cucu akauliza.

Kulikuwa na nafasi. Kulikuwa na chumba kizima cha nafasi, na ng'ombe wakilia nje, na hakuna mtu mwingine.

"Utaona mwenyewe, Cucu," Beth akasema. "Wametia chumvi kidogo, unajua watu wa sinema." Na akamfunga kitambaa kichwani kwa upendo mwingi, kama mtu anayempaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Cucu aliwekwa mbele kabisa, karibu na skrini, kwa ajili ya macho yake, na Beth pembeni yake. Farasi alipotokea watoto walishangilia, na Cucu akainama kwa Beth.

"Huyo ni punda?"

"Ni farasi, Cucu. Wa chifu."

"Haiya!" Cucu akacheka kimya kimya. Taji pia lilimchekesha, na kile kiti. Alimvumilia kijana wa shingo nene, hata akasema ni bora kuliko mwenyewe. Lakini mikono yake ilikuwa imeshikana mapajani, na Beth alijua anasubiri nini.

Mtungi ukatokea. Wazee wakatokea. Baba ya msichana, kwenye skrini, alikuwa anatabasamu. Akatoa pembe. Beverlyne akaishika, akaangalia chini, akanywa. Akainua macho. Akacheka.

Ukumbi mzima ulifanya aah, na vigelegele vikapigwa nyuma. Cucu hakusogea. Beth alisubiri ageuke amwangalie, hakugeuka. Aliendelea kuangalia skrini mpaka majina ya watu yakapita na mapazia yakafunguliwa, na mwanga ulipoingia alikuwa ameketi vile vile, ila amekuwa mdogo.

Simeon alisimama, akatokwa na machozi mbele za watu bila kuyafuta, akamshukuru Mungu kwa baba aliyempenda mama yake. Kim akaongea. Kisha Mwalimu Philemon, aliyekuja na wanafunzi wake wawili watatu, akainua mkono kwa adabu.

"Mimi nimefundisha historia miaka mingi na sijawahi kuwa na shahidi mbele yangu," alisema. "Farasi tumsamehe. Ila ile pembe ndiyo moyo wa hadithi, na Mama Mwai alinihakikishia imetoka kwa Cucu mwenyewe. Ningeomba, kama hatachoka, hawa watoto wamsikie kwa sikio lao. Cucu, siku ile ulikunywa?"

Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anampa heshima. Watu walimgeukia Beth atafsiri, maana Cucu hakuwa amefuata Kiswahili cha mwalimu. Na Beth hangeweza kubadilisha hata neno moja. Ukumbi mzima, kasoro mwalimu, ulijua Kikuyu.

"Cucu, mwalimu anauliza," akaanza. "Anauliza kama siku ile ulikunywa."

Cucu aligeuka sasa. Alimwangalia kwa karibu, kwa yale macho yake yaliyofifia, kama mtu anayetafuta kitu kilichoangukia kwenye nyasi.

"Nani aliwaambia nilikunywa?" akauliza chini kwa chini.

"Ni mimi, Cucu."

Midomo ya Beth ilikuwa inacheza. Mikono ilikuwa inacheza. Alijua kinachokuja na alijua anakistahili: Cucu atasema hapana, na Simeon ataanguka kutoka kule juu alikopanda, na mwalimu atamwangalia kwa huzuni, na Nyeri yote itasema, ngati ni ngati tu, hata uongo wao wanaushona. Alikuwa tayari. Karibu alitamani.

Cucu alishika mkono wa kiti, akajiinua nusu, ili wote wamsikie.

"Ndiyo," akasema. "Nilikunywa."

Vigelegele vilivyopigwa vilisikika mpaka kwenye stendi ya magari. Wanawake walikuja mbele wakimkumbatia Cucu mmoja baada ya mwingine, malkia wetu, malkia wa Mweiga, na yeye alipokea mikono yao na kuwashukuru kwa upole, mgeni kwenye sherehe ya mtu mwingine. Philemon aliinama akampa mkono, ameguswa kweli. Simeon alipiga magoti mbele ya mama yake, suti na yote. Beth alikuwa amesimama pale pale. Angeweza kusema. Neno moja tu lilitosha, na halikuja.

Alimrudisha nyumbani jua likiwa bado juu, wageni wakiwa wangali kwenye pilau. Akamketisha kitandani, akapiga magoti kumvua viatu, na hapo ndipo kilio kilipomtoka.

"Nisamehe, Cucu. Narudi huko sasa hivi, wote bado wako. Nitawaambia ni mimi nilidanganya."

"Utawaambia nini?" Cucu akauliza. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kwamba mwalimu aliniuliza ndani ya kanisa la Mungu, na mimi kwa umri huu nikasema uongo?"

Beth alibaki na kiatu mkononi. Hakuwa amefikiria hivyo. Mlango aliokuwa anautegemea ulikuwa umefungwa, na aliyeufunga ni yule aliyekuwa anamwokoa.

"Simeon amefurahi," Cucu akasema. "Umemwona? Mwache."

Alijilaza upande, akaugeukia ukuta, na Beth akamfunika blanketi. Alidhani amelala. Kisha ile sauti ikatoka tena, taratibu, ikiongea na ukuta.

"Siku ile baba yangu alikuwa anatetemeka. Alinishikia pembe, akaniomba kwa macho, na nilimpenda kuliko mtu yeyote. Nikamkatalia. Leo nimekuona wewe unatetemeka vile vile." Akalivuta blanketi mpaka begani. "Wewe nimeshindwa kukukatalia."